Kisu Kilichopinda Mbele ya Wakwe

Babake Mong'ina alikuwa mhunzi kule Nyamira. Alipofariki, wanawe wa kiume walirithi shamba la chai, na Mong'ina akapewa mvukuto wa kupulizia moto kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Ulikaa darini miaka mingi, ukilaliwa na kuku. Mwaka huu, kisu cha sokoni kilipomtoka mpini katikati ya mkungu wa ndizi, aliushusha, akaufuta vumbi, akamwambia mumewe kwamba atafua kisu chake mwenyewe.

"Sawa," alisema Osoro. Alikuwa mzee wa kanisa, na neno hilo alilitumia kwa mambo mengi.

Shida ilikuwa chuma. Utotoni Mong'ina alikuwa wa kutumwa makaa na maji. Habari za chuma walielezwa kaka zake, ambao hawakusikiliza. Basi akateremka Kisii mjini kwa Gulled, muuza vyuma chakavu, ambaye duka lake lilianzia ndani na kuishia barabarani.

"Ni kisu chako cha kwanza, mama?"

"Cha kwanza."

Gulled akamwekea vipande vitatu sakafuni. Kimoja kilikuwa nondo ya kujengea. "Hii acha. Ni laini, makali hayatakaa." Akasogeza kwa mguu kipande cha springi ya lori, kimepinda na kujaa kutu. "Hii ndiyo ya mtu anayeanza. Ukikosea, unairudisha motoni, haina kinyongo." Mwisho akainua bamba lililokatwa kwenye sinki kuukuu, linang'aa kama uso wa bwana harusi. "Hili halishiki kutu. Lakini kwa moto wa makaa halitakuwa gumu, hata ulichome mpaka Pasaka."

Mong'ina alisikiliza yote, akachukua bamba la sinki. Gulled akalifunga kwa gazeti. Alikuwa ameshasema.

Mong'ina alikuwa na sababu yake. Jumapili iliyofuata wakwe walikuwa wanakuja kuzungumza habari za binti yake, Purity, na hakutaka kuwawekea kitu chenye kutu mezani. Alilikata bamba, akalipiga, akalichoma, akalichovya kwenye oili chafu mpaka nyumba nzima ikanuka gereji. Kisha akalisugua hadi akaona meno yake ndani. Kilikuwa kisu kizuri. Purity alikitazama akasema kingefaa kutundikwa ukutani, na mamake akadhani anasifiwa.

Jumapili ikafika, na wakwe pia. Mbuzi alipoiva, heshima ya kukata nyama akapewa Machogu, ami yake bwana harusi, mtu mwenye mikono ya kupasulia kuni. Alikiweka kisu kwenye bega la mbuzi, akakandamiza. Kisu kikapinda, kikaelekea kwake.

Machogu alikitazama kidogo. Akakiweka juu ya goti, akakinyoosha, akaendelea. Kikapinda upande wa pili. Mbele ya wakwe mtu hacheki, kwa hiyo pande zote mbili zilimtazama mbuzi.

"Ni kisu kipole," alisema Machogu.

"Nimekitengeneza mwenyewe," Mong'ina akasema, maana hakuona pa kujificha.

"Naona, mama."

Akamalizia lile bega kwa mikono. Mazungumzo ya mahari yalikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anawaza jambo jingine.

Wageni walipoondoka, Mong'ina aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Osoro akaja akasimama kando yake.

"Babako naye alianza hivi?"

"Sijui. Nilikuwa nimetumwa makaa."

Osoro akachukua kitambaa, akaanza kupangusa sahani.

Kesho yake Mong'ina alirudi kwa Gulled. "Nipe springi," akasema.

"Kuna mtu aliumia?"

"Hapana. Ni aibu tu."

Gulled akamchagulia kipande kilichonyooka kidogo. "Usifue kisu kizima kabla hujajua ulichonacho. Kata kipande kidogo, kichome kiwe chekundu mpaka sumaku isikishike, ukichovye kwenye oili. Kikipoa, kipitishie tupa. Tupa ikiteleza, hicho ni chuma cha kisu. Ikikitafuna, nirudishie."

"Halafu?"

"Ukishafua kisu chenyewe na kukichovya, usikiache hivyo, kitavunjika kama glasi. Kipashe moto tena, moto wa kuoka mkate."

Safari hii Mong'ina alifuata kila neno. Tupa iliteleza. Akafua, akachovya, na Ijumaa mchana kisu kikaingia ovenini pamoja na mikate ya Sabato. Vyote vilitoka vimeiva: mikate rangi ya kahawia, kisu rangi ya majani makavu palipokuwa pamesuguliwa, kwingine cheusi tii. Ubavu mmoja ulikuwa mnene kuliko mwenzake. Akakinoa, akaenda nacho kwenye mkungu wa ndizi, kikapita kama ndizi hazikuwapo. Kikapita na kwenye kidole gumba.

Osoro alimpeleka zahanati kwa pikipiki ya jirani. Muuguzi alifungua kitambaa, akasafisha, akaandaa uzi.

"Umekatwa na nini, mama?"

"Kisu changu. Nimekifua mwenyewe."

Muuguzi akainama kutazama vizuri. "Ni kikali. Kidonda kimenyooka sana, hakijachanika popote. Kitashika haraka."

Mong'ina akamwomba aseme tena, kwa sauti zaidi kidogo, kwa sababu Osoro alikuwa amesimama nje ya mlango.