Hospitali ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Mwaka wa tatu wa uhuru serikali ilitoa kitabu cha nchi. Ardhi, watu, serikali, uchumi: vyote vimo. Urefu wa mito, hesabu ya ng'ombe, mawaziri na picha zao, tani za pamba. Maneno yalitoka wizarani, lakini aliyeyapanga kwa mkono, herufi moja moja, ni mtu mmoja wa kiwanda cha uchapaji cha serikali. Wenzake walimwita Fundi Risasi, kwa sababu weusi wa zile herufi za madini ya risasi ulikuwa umemwingia vidoleni na haukutoka hata kwa majivu.

Shule aliiona kwa nje tu. Kusoma alijifundisha palepale mezani, kinyumenyume, jinsi herufi zinavyolala kabla ya kuchapwa. Kwa hiyo chochote kilichopangwa alikiheshimu kama kiapo. Na kwa nini asikiheshimu? Kila ukurasa ulisomwa mara tatu na msahihishaji, mama mmoja wa miwani minene asiyesamehe hata mkato. Siku moja alimrudishia ukurasa mzima kwa kuwa mto ulipungua maili mbili. Watu wanaokosa usingizi kwa maili mbili za maji, Fundi alijiambia, hawawezi kusema uongo kwenye jambo kubwa.

Hilo ndilo kosa lake lote. Wako waliokosa zaidi ya hapo wakapewa vyeo.

Mwanawe wa pekee, ambaye tangu utotoni walimwita Nukta kwa udogo wake, alikuwa ameolewa na bwana shamba huko bara. Alikuja kuwasalimu wazazi akiwa na mimba ya miezi saba.

"Mama mkwe anataka nikajifungulie zahanati ya masista," alisema, akimenya viazi pamoja na mama yake. "Mwendo wa nusu siku. Na sista mwenyewe kazeeka, mkono unamtetemeka."

"Mkono huohuo umezalisha nusu ya wilaya," mama akamjibu. "Nenda hukohuko."

Fundi aliingia chumbani akatoka na kitabu. Alikifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ukurasa wa sitini na moja. Sikilizeni. 'Hospitali za serikali ni kumi na nne. Iliyo mpya kuliko zote ipo katika mji wa kuchambua pamba, yenye vitanda sitini, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi.' Huo mji si jirani na kwenu?"

"Saa mbili kwa lori, baba. Lakini sijasikia mtu aliyetibiwa huko."

"Utasikiaje, nayo mpya? Nimeipanga kwa mkono huu, mwanangu."

"Haya, mzee wa serikali!" Nukta akacheka. "Nikipata wa kiume nampa jina la waziri wako wa afya."

"Toba! Mpe la babu yake. Huyo waziri jina lake limeshajaa kwenye mabango."

Mama hakucheka. Alisema tu kwamba viazi vimetosha.

Wiki sita baadaye mkwe, yule bwana shamba, alikuja mwenyewe, viatu vimejaa matope makavu. Aliambiwa akae, hakukaa. Alieleza akiwa amesimama mlangoni, kama shahidi mahakamani. Uchungu ulianza asubuhi, mtoto alikuwa amelala mkingamo. Walipata lori la mbolea. Kwenye njia panda dereva aliuliza: kushoto kwa masista, au kulia kwa pamba?

"Mwenyewe ndiye aliyesema kulia," mkwe akasema. "Alisema, baba ameisoma."

Walikuta kibao kikubwa chenye nembo ya taifa. Walikuta jiwe la msingi lenye jina la waziri, na ukuta wa matofali uliofika magotini. Mlinzi alikuwepo, maana mlinzi hakosekani. Mahali pa wodi ya wazazi alikuwa amefunga mbuzi wake. Wakageuza lori. Hata ile njia panda hawakuifikia.

"Wote wawili?" mama akauliza.

"Wote wawili, mama."

Tangu siku ile mke wa Fundi hakumlaumu mumewe hata kwa jicho, naye Fundi angeshukuru mno kulaumiwa. Waombolezaji walipokwisha kuondoka alimwambia jambo moja tu: "Kitoeni hicho kitu kitabuni. Kuna watoto wa wenzangu wanaojua kusoma."

Nafasi ilikuja kabla ya mwaka kwisha. Kitabu kilitakiwa kuchapwa upya. Kiwandani kurasa zilizokwisha kupangwa hazikuvunjwa. Zilifungwa uzi na kuwekwa rafuni, zikingoja kubadilishwa tarakimu. Fundi alipokea mswada, akaenda moja kwa moja sitini na moja. Hospitali sasa zilikuwa kumi na saba. Ile ya pamba ilikuwepo, na vitanda vyake vimezaana, vimefika themanini.

Alivua aproni akaenda wizarani kwa miguu. Bwana Habari, afisa aliyekisimamia kitabu, alimvutia kiti kwa mikono yake.

"Pole sana, mzee wangu. Pole mno. Ila unielewe. Kitabu hiki kinakwenda kwa mabalozi, kwa wafadhili. Wakiona tumeweza kumi na saba, watatusaidia ya kumi na nane."

"Na wakijua hazipo?"

"Watajuaje? Wao wakiugua wanapanda ndege. Halafu mzee, usiseme haipo. Mpango umepitishwa, ramani ipo, jiwe lipo."

"Mimi sikumsomea balozi, bwana. Nilimsomea mwanangu."

"Ndiyo maana nikasema pole."

Fundi alirudi mezani. Akafungua uzi, akaitoa ile mistari, akapanga mingine, taratibu, kama afanyavyo siku zote: *Katika mji wa kuchambua pamba hakuna hospitali. Pana kibao na jiwe. Mwenye uchungu apelekwe kwa masista.*

Msahihishaji, ambaye miaka yote alituma mtu tu, safari hii alikuja mwenyewe na karatasi mkononi.

"Fundi, unajua siwezi kutia sahihi hapa."

"Kosa liko wapi, mama? Nionyeshe, nilirekebishe."

Akasoma. Akasoma tena. Mara ya tatu alivua miwani.

"Hakuna kosa," akasema. "Hata mkato." Kisha akaipiga mistari ile wino mwekundu. "Nina wanne nyumbani, Fundi. Nisamehe."

Msimamizi alimwamuru apange mistari ya mswada. Fundi alichukua koti lake. Mwenzake wa meza ya pili aliipanga. Hata jasho hakutoka. Barua ya kuachishwa kazi ilifika Jumatatu, imepigwa chapa vizuri sana.

Kitabu kilipotoka, msahihishaji alimletea nakala hadi nyumbani, akaiacha kizingitini bila kubisha hodi. Mke wa Fundi aliiokota. Kusoma hakujua.

"Kazi imekwenda, hilo najua," alisema. "Je, wamekitoa? Nisomee."

Angeweza kuruka mistari miwili. Nani angejua? Alifikiria hivyo, kitabu kiko wazi magotini, na ulimi ukamkatalia.

"'Hospitali za serikali ni kumi na saba,'" akasoma. "'Iliyo kubwa katika bara ipo kwenye mji wa kuchambua pamba, yenye vitanda themanini, chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi.'"

Mkewe aliuwekea kidole ukurasa ule.

"Basi kwa kitabu chenu," akasema, "mwanangu alifika."

Fundi akafungua ukurasa uliofuata akaendelea kusoma, kwa sababu hakujua akinyamaza atafanya nini. Maili mia nne za lami.

"Na hizo zipo?"

"Sijui, Mama Nukta."

Shule mia mbili na tisa. Daraja la chuma. Kiwanda cha saruji.

"Na hicho?"

"Sijui."