Kucha za Kijani

"Lifute," alisema Mama Chiriku. "Sitaki maelezo. Chukua sabuni, chukua msasa, chukua chochote mnachotumia huko kazini kwenu, ulifute lile lijusi kwenye mguu wa mwanangu leo hii hii."

"Si mjusi," alisema Dada Plasta. "Ni dinosau. Tena wa kula majani."

"Hata awe wa kula mawe. Mtoto hajafumba jicho tangu jana. Anasema linamng'ata."

"Mwenyewe ndiye aliyemtaka. Alichagua hadi rangi."

"Ana miaka sita, dada. Juzijuzi alichagua kuoga na viatu."

Walikuwa juu ya ngazi, ghorofa ya pili, pale ambapo milango mitatu imetazamana kama wake wenza. Mlango wa kushoto ni wa Mama Chiriku, mpiga pasi, ambaye mashati ya nusu ya mtaa hupitia mikononi mwake. Wa kulia ni wa Dada Plasta, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake hospitalini ni kufunga plasta kwenye mifupa iliyovunjika, na kuikata hiyo plasta mifupa ikishaunga. Wa katikati ni wa msusi anayeitwa Redio, na mlango huo ulikuwa wazi nusu. Redio husema anauacha hivyo kwa ajili ya hewa. Hakuna aliyewahi kuiona hewa ikipita pale. Maneno ndiyo hupita.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Redio kutoka ndani, pini za nywele zimemjaa mdomoni.

Dada Plasta aliumia. Angesemwa kwa kuchelewa kufagia ngazi, sawa. Angesemwa kwa kutoolewa, amezoea. Lakini wanyama wake wamemkosea nani?

Mambo yenyewe yalianzia kazini, kwa sababu ya msumeno. Msumeno wa kukatia plasta haukati ngozi, lakini unalia kama nyigu elfu moja, na mtoto akiusikia tu anataka kupanda ukuta. Siku moja Dada Plasta akamchorea mtoto mmoja dinosau mnene mwenye miwani juu ya plasta yake, akamwambia huyu ndiye anayenguruma, ana kikohozi, tumvumilie. Mtoto akacheka. Tangu siku hiyo mkono wa Dada Plasta haukutulia tena. Nyumbani alikuwa na madaftari manne yaliyojaa: dinosau kwenye foleni ya kupima presha, dinosau aliyekwama mlangoni, dinosau anayevaa fulana na shingo haiishi. Mabaki ya plasta aliyafinyanga akapata wengine wadogo wadogo, akawapanga dirishani. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu. Ndugu zake walishamkatia tamaa.

Chiriku naye aliitwa hivyo kwa sababu hanyamazi, ukimwamsha anaendelea pale alipoishia jana. Jumatano aliruka kutoka ngazi ya sita apate kujua kama ataelea, akavunjika mfupa chini ya goti. Alhamisi Dada Plasta akamfunga kwa mikono yake mwenyewe. Ijumaa jioni, wamekaa wote kwa Mama Chiriku, akamchorea dinosau mpiga pasi: pasi mkononi, mkia umezunguka kisigino, shingo imepanda hadi karibu na goti. Mama Chiriku mwenyewe alicheka mpaka akaunguza kola ya mtu.

"Nimempa dawa ya maumivu mliyonipa, wapi," Mama Chiriku aliendelea. "Usiku mzima ni kulia. Eti lijusi limembana mguu kwa meno, limeng'ata vidole mpaka vimekufa ganzi. Kisha asubuhi akanyamaza, kimya mpaka sasa. Chiriku, kimya. Wewe ushaona?"

Dada Plasta alisogea karibu.

"Alisema ganzi?"

"Kwanza alisema sisimizi wanatembea. Baadaye akasema vidole havipo."

"Vina rangi gani?"

Mama Chiriku alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Kijani. Si ulivipaka wewe?"

Hapo Dada Plasta aliacha kumfikiria dinosau.

Kwenye chumba cha plasta kuna sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua: vidole ni dirisha. Mguu uliovunjika huvimba, na plasta haitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda unaubana mguu wenyewe, damu inashindwa kupita, na nyama huanza kufa ndani kwa ndani hali nje kila kitu ni cheupe na kisafi. Habari zote mtu huzisoma kwenye vidole. Vikiwa na rangi ya kawaida, kaa. Vikigeuka, kimbia. Alhamisi alimwambia Mama Chiriku hivyohivyo, neno kwa neno: viangalie asubuhi na jioni, vikibadilika rangi usisubiri.

Na Ijumaa, Chiriku akamuuliza, dinosau gani hana kucha? Dada Plasta akacheka. Akaenda kuchukua rangi ya kucha ya kijani na kibati cha rangi ya mafuta iliyobaki alipopaka mlango wake, akavipaka vidole vyote vitano, juu na chini, kwa brashi ndogo, ulimi umemtoka kwa raha. Kazini asingethubutu. Lakini hakuwa kazini, alikuwa akicheza, na mchezo ulimsahaulisha alichokifanya kwa miaka kumi na tisa.

Alizihesabu saa kichwani. Sisimizi jana usiku. Kimya asubuhi. Sasa ni Jumapili, saa saba mchana.

"Nipishe niingie," alisema.

"Huingii." Mama Chiriku alijaza mlango. Ni mwanamke mpana, na mabega yake ni ya mtu anayeinua pasi ya chuma tangu ujana. "Ukiingia utamtisha tena. Nipe dawa ya kufutia, nitafuta mwenyewe."

Angeweza kusema uongo. Uongo ulimjia upesi, umevaa vizuri kabisa: sawa, nakuja kulifuta, samahani jirani. Mlango ungefunguka, yeye angefanya anayoyafanya, na pengine hakuna ambaye angejua. Kwenye mlango wa katikati pini za nywele zilikuwa zimeacha kugongana. Redio alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima. Ukweli ukimtoka kinywani sasa, saa kumi utakuwa umefika sokoni, na kesho asubuhi mezani kwa mkuu wake wa kazi.

Lakini ukifuta polepole, kwa kujificha, dakika zinakwenda. Na akihitaji msaada atamwambia nani, na kwa sababu gani?

"Si dinosau anayemuuma," alisema. "Ni plasta. Imembana. Ungeiona tangu jana kwenye vidole, lakini mimi nimevipaka rangi, huwezi kuona kitu. Kosa ni langu. Nisipoviona sasa hivi mtoto anaweza kupoteza mguu."

Mama Chiriku alirudi nyuma hatua moja, kama aliyesukumwa kifuani, na njia ikawa wazi.

Chumba kilikuwa na joto la pasi na harufu ya vitambaa vikavu. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya meza ya kupigia pasi, mguu wenye plasta unaning'inia. Macho yalikuwa makubwa, midomo imekauka. Hakusalimia.

"Mama mdogo amekuja," alisema Dada Plasta, akapiga magoti. "Tumlaze. Hivyo. Mguu juu ya mito, mitatu, leteni mito."

Aliweka mgongo wa mkono kwenye vidole vya mguu mzima. Vuguvugu. Akauhamishia kwenye vile vya kijani. Baridi, kama vimetoka kwenye maji.

"Vichezeshe vidole, Chiriku. Kama unamwita kuku."

Kidole gumba kilitikisika kidogo. Vingine havikujali. Alipokivuta kile kimoja juu kwa ncha za vidole vyake, mtoto alitoa sauti ndogo, si kilio, ni sauti ya mlango mbovu, na Mama Chiriku akaushika ukingo wa meza.

"Redio," aliita Dada Plasta. Hakuhitaji kupaza sauti. Redio alikuwa tayari mlangoni. "Ile dawa yako ya kutolea rangi ya kucha."

"Chupa nzima?"

"Chupa nzima. Na pamba."

Redio alikimbia. Mwanamke aliyezoea kubeba habari alibeba chupa, na kwa mara ya kwanza mtu alimwona akifanya jambo bila kulitangaza. Dada Plasta alimwaga, akasugua. Rangi ya kucha ilitoka upesi. Ile ya mafuta iling'ang'ania kwenye mikunjo ya ngozi, ikayeyuka, ikawa tope la kijani, akasugua tena. Pamba ilimdondoka mara mbili. Chini ya kijani kulitokea ngozi, na ngozi ile ilikuwa na rangi ya majivu, na chini ya ukucha kulikuwa na wingu la buluu.

Alibonyeza ukucha. Ukawa mweupe. Akauachia. Damu hurudi kabla hujamaliza kusema moja, mbili.

Moja, mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

"Ndiyo nini?" Mama Chiriku aliuliza. "Hesabu hiyo ndiyo nini?"

Dada Plasta alimpigia simu mkuu wa chumba cha plasta, akayamwaga yote kwa pumzi moja, rangi, vidole, saa. Mkuu alimkatiza kwa swali.

"Kufika hospitali ni dakika ngapi?"

"Arobaini. Barabara ikikubali."

"Una mkasi?"

Alikuwa nao. Mkasi wa zamani wa plasta, uliotupwa hospitalini kwa ubutu, ambao yeye aliuokota akatie mabaki ya kufinyangia wanyama wake.

"Basi pasua. Juu mpaka chini, na pamba ya ndani yote, uione ngozi. Kisha mpeleke, nitawakuta huko." Akakata simu.

Mkasi butu ni adui. Walilowesha plasta kwa maji ya uvuguvugu na siki, akaingiza meno ya mkasi pale juu, kwenye ukingo wa goti, akabana kwa mikono miwili. Plasta ililia. Alikuwa anakata kupita kwenye kichwa cha dinosau, na Chiriku, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alisema:

"Usimkate shingo."

"Nitamshona."

"Hana damu?"

"Hana. Yeye ni chokaa tupu. Tulia, mwanangu."

Ilichukua dakika kumi na mbili. Jasho lilimwingia machoni, Redio akalipangusa kwa kanga yake bila kuambiwa. Mama Chiriku alikuwa amekishika kichwa cha mwanawe kifuani, na kila mkasi ulipoteleza alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ukimkata nakuua," kama mtu anayesema asante. Shingo ilipasuka, bega likapasuka, pasi ikapasuka, mkia. Halafu pamba. Dada Plasta alitia vidole kwenye ufa akavuta kila upande, na plasta ikafunguka kama ganda la korosho. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, alama za pamba zimechorwa juu yake.

Alibonyeza ukucha.

Moja, mbili, tatu, nne.

Alingoja. Aliomba, ingawa si mtu wa kuomba sana. Akabonyeza tena.

Moja, mbili, tatu.

"Kuna sisimizi," alisema Chiriku. "Wamerudi. Wengi. Wanaumiza." Akaanza kulia kwa nguvu, kilio cha mtoto mwenye afya, na Dada Plasta akauweka mkasi chini.

Hospitalini daktari aliupima mguu mara nne kwa saa tatu. Alisema damu inapita, alisema wamewahi, alisema saa chache zaidi angekuwa anaongea maneno mengine. Wakamfunga plasta ya nusu, ya nyuma tu, yenye bendeji. Mkuu wa chumba alifika na nguo zake za Jumapili, akaviangalia vidole, akaangalia mabaki ya kijani kwenye mikunjo. "Kesho saa mbili asubuhi, ofisini kwangu," alimwambia Dada Plasta.

Walirudi saa kumi na mbili jioni. Redio alimbeba Chiriku ngazi zote, na Chiriku alimsimulia safari nzima tangu getini, ingawa Redio naye alikuwepo. Wawili hao waliingia ndani. Mama Chiriku akabaki mlangoni, kitambaa cha pasi begani, na Dada Plasta akabaki mbele yake, ufunguo wa chumba chake mkononi, haujui uelekee wapi.

"Kesho watakufukuza?" Mama Chiriku aliuliza.

"Sijui."

"Unaogopa?"

"Tangu saa saba. Haijanitoka."

"Mimi je? Mimi sijui nitalalaje na mtoto huyo, nitakuwa naviangalia vidole mpaka kuche." Alijipangusa uso kwa kile kitambaa. "Nina maneno mengi ya kukwambia, dada. Mengi na mabaya. Nimeyapanga njia nzima tukija."

"Niambie."

"Siwezi. Hujala tangu asubuhi, na mimi sijafundishwa kumsema mtu mwenye njaa." Nyuma yake sufuria ilifunuliwa, na sauti ya Redio ikauliza sahani ziko ngapi. Mama Chiriku alisogea kando ya mlango. "Nne," alisema bila kugeuka. "Ingia ule kwanza. Nitakusema ukishiba."