Maji ya Kusuuza Bakuli

Kwa miaka mingi Myoseon alikuwa mtawa katika hekalu lile la mlimani, na kwa miaka yote hiyo alifundishwa kuiacha nafsi. Nafsi yenyewe ilikataa kuachwa. Dohye, mtawa mdogo aliyekuja juzi tu, alimwambia wakila vitafunio mbele ya wageni wa Seoul, "Dada Myoseon, tafuna basi, hakuna anayekufukuza!" Wageni wakacheka. Tangu siku hiyo Myoseon hakuwaza jingine ila kumlipa.

Leo wageni walijaa tena ukumbini. Asubuhi nzima Dohye aliwahubiria kuishi katika wakati uliopo: ukila, kula, ukiosha bakuli, osha bakuli. Wakamtazama kama bibi harusi. Ngoja, Myoseon alijisemea, leo utakiona cha mtema kuni.

Katika mlo rasmi kama huu watawa hula kimya, kisha kila mmoja husuuza mabakuli yake na kumimina maji ya mwisho katika ndoo inayopita safu nzima. Maji hayo yakikutwa na chembe ya chakula, safu nzima huyanywa. Myoseon alikuwa ameficha kipande cha pilipili ya kimchi, ile kabichi kali iliyochachushwa, chini ya ukucha. Dohye, aliyeketi kando yake, alipogeuka kumtabasamia mgeni, kidole cha Myoseon kikakidondosha katika bakuli lake. Myoseon naye angeyanywa maji hayo, lakini liwalo na liwe.

Mtawa mkuu, Bibi Jeongan, alichungulia ndoo. "Kuna pilipili humu."

Dohye akautazama ukucha mwekundu wa jirani yake. Haya, bwata, Myoseon aliomba moyoni, wakuone ulivyo.

"Ni yangu, Bibi," alisema Dohye. "Sikuwa nikitazama bakuli langu."

Wageni wakaguna kwa heshima. Myoseon aliyanywa yale maji akiwa na hasira zaidi kuliko alivyoingia. Hata aibu aliyomwandalia, mwenzake ameigeuza sifa!

Alimfuata jikoni. "Sema basi! Si umeniona?"

"Nimekuona. Ulimi uliniwasha nikutaje. Lakini ni kweli, dada, akili yangu haikuwa kwenye bakuli. Nilikuwa nawaza wale wageni wananionaje."

"Kwa hiyo umeshanisamehe, mtakatifu wewe."

"Nikusamehe? Nimekasirika mno. Nipishe, naosha masufuria."

Na kweli uso ulikuwa umemwiva kwa hasira, ila mikono ilisugua. Myoseon alisimama na matusi yake yote aliyoyanoa tangu siku ile ya kuchekwa, akakosa pa kuyatupa. Dohye akamsukumia dodoki bila kumtazama.

"Shika. Hilo sufuria la wali limegandiwa."

Myoseon akalishika. Alisugua huku machozi yakimdondoka ndani ya sufuria, kwa maana bado alikuwa akitamani, kwa moyo wake wote, mwenzake amtukane.