Vioo Vinne vya Chumba cha Bi Thuwaiba

1.

BANGO LA LANGONI

JENGO LA URITHI NA. 47. Mji wa Kale, Mombasa. Lilijengwa mwaka 1896, enzi za Malkia Viktoria. Orofa mbili. Kuta za matumbawe na chokaa. Dari za boriti. Roshani ya msaji iliyonakshiwa. Nguzo nne za chuma zilizoletwa kwa meli, kila moja na taji kichwani.

NI MARUFUKU kubomoa, kupaka, kuongeza au kuondoa kitu chochote bila kibali.

2.

Karibu, msomaji. Ila usiegemee ukuta wa kushoto.

Mimi ni Swabra. Watalii husimama hapo ulipo, wakapiga picha roshani na nguzo, wakaenda zao. Hakuna anayeuliza nani anaishi nyuma ya lile dirisha la juu. Ni mamangu, Bi Thuwaiba. Yumo eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na baba alifia chumbani humo humo.

Leo ni siku ya sabini.

3.

Kosa la baba nilitaje mimi, kabla hujalisikia kwa majirani.

Miaka thelathini chokaa ilikuwa ikimdondokea Mama kitandani, naye miaka thelathini akinung'unika. Mwaka jana baba, karani mstaafu ambaye mkononi hakupata kushika kitu kizito kuliko kalamu, alinunua saruji, akajifungia chumbani siku mbili, akaupiga ukuta lipu mwenyewe. Bila fundi. Bila kibali. Kisha akamwita mkewe aje aone. Lipu ilikuwa na mawimbi mawimbi ya mwiko, lakini hata chembe haikuanguka. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ile ndiyo zawadi ya mwisho aliyompa.

Ndiyo inayoiangusha nyumba.

4.

FUNDI TSUMA, akigonga ukuta kwa kidole

"Wasikia? Ndani ni tope tupu. Ukuta wa kale wanywa mvua, kisha waitoa. Chokaa yauwacha upumue. Saruji hii imeuziba pua. Vichwa vya boriti vishaoza."

"Basi tuibandue, fundi," nikasema.

"Kibali kiko wapi?"

Nikaenda kukiomba, kwa jina la baba, mwenye nyumba.

5.

Fundi alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa wa ukuta ule, mwisho huku na mwisho huku. Kioo kikikatika, ukuta unatembea. Nilitaka kibandikwe nje.

"Kibandike hapa kitandani," akasema Mama. "Nikione."

6.

OFISI YA MAJENGO YA KALE

Kwa: Marehemu Athman Famau

Ombi lako la kuondoa lipu limepokelewa.

(a) Mwombaji awe ndiye mwenye jengo.
(b) Iwapo mwenye jengo amefariki, mjane afike ofisini yeye mwenyewe kutia sahihi. Mwakilishi hatakubaliwa.
(c) Wakati ombi likishughulikiwa, wakazi wote wahame kwa usalama wao.
(d) Wakati ombi likishughulikiwa, jengo lisiachwe bila

Ukurasa wa pili haukuwemo kwenye bahasha.

7.

Dirishani pa ofisi hiyo, mimi na afisa:

"Mjane hawezi kuja, yumo eda."

"Basi aje akimaliza."

"Ukuta hautangoja."

"Dada, hata mimi nasikitika. Nani anafuata?"

8.

Sheikh alipanda ngazi zote ishirini na tatu, akakaa nje ya mlango, akazungumza na Mama kupitia pazia.

"Bi Thuwaiba, penye hofu ya roho ruhusa ipo. Utahamia kwa dadako, eda yako utaimalizia kule. Huna dhambi."

"Ahsante, sheikh. Nimesikia."

Alishuka akifurahi. Mimi namjua mamangu. Kusikia amesikia.

9.

Nilimwambia mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea.

"Mama, ukuta utakuangukia!"

"Yeye aliupiga kwa mkono wake, mwanangu. Nitoke, mutaubandua. Nikirudi nitakuta nini?"

Akanishika mkono, akaupitisha kwenye yale mawimbi ya mwiko. Yalikuwa yamelowa.

Naogopa. Niandike wazi: naogopa, na nina hasira na maiti, na nampenda.

10.

Siku ya mia na sita.

Zimebaki ishirini na mbili.

Asubuhi hii nimepandisha godoro langu. Nimelitandika kati ya kitanda chake na ukuta.

Mama ameliangalia. "Hilo la nini?"

"La kulalia."

"Wewe huna eda. Shuka."

"Tushuke sote."

Amegeukia dirishani.

Chini mtaani mtu anasema kwa furaha, "Simama hapo, karibu na nguzo, nyumba yote itokee."

Mama ameketi. Ameanza kukunja shuka yake, polepole, pembe kwa pembe, kama mtu anayefunga safari. Au kama mtu anayetandika tu, kila asubuhi. Sijui. Sithubutu kumuuliza.

11.

Kioo cha kwanza: kilikatika baada ya siku kumi na tisa.

Kioo cha pili: siku kumi na moja.

Kioo cha tatu: siku sita.

Kioo cha nne: