Mwenye Mtoto Kifuani

Kazi yangu ni kuwasingizia wanyama. Ndivyo alivyokuwa akinitania mdogo wangu, na sikumbishia sana. Nakaa mbele ya kompyuta, naiambia kila tunachokijua juu ya mnyama wa porini: anakula nini, analala wapi, huzaa lini, mate na damu yake vimekutwa na virusi gani. Kompyuta nayo huniambia ni yupi anayeelekea kubeba virusi vya kumwingia binadamu. Majibu hayo, pale maabara, tunayaita ngazi. Aliye juu ni wa kuogopwa. Wa chini tunamwacha alale.

Popo wadogo wa ghala la magunia walikuwa chini kabisa. Mdogo wangu, ambaye kazini kila mtu alimwita Fundi Nyavu, ndiye aliyewatega pamoja na wenzake, msimu baada ya msimu, akawafuta mate kwa kijiti cha pamba na kuniletea. Kila alicholeta kilitoka safi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sipendi kuulizwa kitu mara mbili, na aliyeniuliza juu ya popo wale nilimjibu kwa mkato: hawana neno.

Siku daktari wa zamu aliponipigia simu, akasema ndugu yangu yuko kwake na homa kali na ana alama za meno kidoleni, nilimjibu vilevile.

"Anasema ni popo wa ghalani," daktari alisema. "Sindano za kichaa cha mbwa alishachomwa, najua. Ninachotaka kujua ni kama nimtenge. Chumba cha kutenga wagonjwa ninacho kimoja tu, na kuna mwingine anakisubiri. Ngazi yenu inasemaje?"

"Popo huyo yuko chini kabisa, daktari."

"Basi nampa dawa, aende akapumzike nyumbani."

"Nashukuru," nikasema, na nilishukuru kwa dhati.

Nilipofika nyumbani kesho yake nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji mapajani. Alikuwa akiupuliza, akiuonja kwa ncha ya midomo, kisha akimlisha mdogo wangu. Alipokataa kuendelea, mama alimalizia yeye, maana mama na kumwaga chakula ni mbingu na ardhi. Macho ya mdogo wangu yalikuwa mekundu, na shuka lilikuwa limelowa jasho.

"Mama, hicho kijiko si chake?"

"Nimemlea kwa kijiko changu mpaka akaota ndevu. Leo ndio kimekuwa najisi?"

Mdogo wangu akacheka, cheko likageuka kikohozi. Nikaanza kumgombeza, kwa sababu niliogopa na mimi nikiogopa hugomba. Ilikuwaje mtu wa uzoefu wake ang'atwe? Glovu ilikuwa wapi?

"Niliivua. Yule popo alikuwa na mtoto kifuani, dada. Glovu ile nene, ningemponda mtoto. Nikawanasua taratibu, mama mtu akaniuma, nikawaachia."

"Ukamwachia bila kumfuta mate?"

"Kama kawaida."

"Kawaida gani?"

"Si unajua, mwenye mtoto kifuani haguswi. Ukimshika mdomo anapapatika, mtoto anadondoka, na akidondoka ndio basi tena. Sote tunawaachia, tangu kazi ianze. Nani ana roho ya kufanya vile?" Akafumba macho, akatabasamu kidogo. "Wema hauozi."

Mnyama anayenyonyesha mwili wake huchoka, kinga hupungua, na virusi vilivyokuwa vimetulia huweza kuamka vikajaa mateni. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Na hakuna hata popo mmoja mwenye kunyonyesha aliyewahi kufika mezani kwangu. Kompyuta ilisomeshwa madume na majike wasio na watoto, ikapimwa kwa hao hao, ikafaulu vizuri sana. Watega nyavu hawakuficha kitu. Kwao kumhurumia mzazi halikuwa jambo la kutolea taarifa, na sisi wa ofisini hatukuwahi kuwauliza ni nani wanayemwachia.

"Mama, toka humu ndani."

"Niende wapi?"

"Sebuleni, uani, popote. Huenda ana kitu cha kuambukiza. Daktari nampigia sasa hivi."

"Na akitapika nani atamshika?"

"Mimi. Nina glovu na barakoa kwenye mkoba."

"Wewe nenda kazini kwako ukajue ni kitu gani," mama akasema. "Mimi hapa sitoki." Akaweka bakuli chini, akakivuta kichwa cha mwanawe, akakilaza kifuani pake. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ukishamkaa mzazi kifuani hoja za maabara hazimwingii.

Gari la wagonjwa liliwachukua wote wawili mchana ule. Mimi nilikwenda ghalani na watega nyavu wenzake. Popo walikuwa wamening'inia kwenye mbao za paa, na wenzake waliwashusha kwa nyavu za mkono bila utani wala mbinja walizozizoea. Alipopatikana wa kwanza mwenye mtoto, kila mmoja alimtazama mwenzake. Nikavaa glovu nikamshika mwenyewe. Kijiti kilipomgusa ufizi alipapatika, mtoto akaachia, akadondoka kwenye sakafu ya saruji. Hakutoa hata sauti. Nikaomba waniletee mwingine.

Karibu mate yote ya wenye watoto yalikuwa na virusi, vilevile vilivyokutwa kwenye damu ya ndugu yangu. Nikailisha kompyuta matokeo hayo, na popo wa ghalani akapanda ngazi mpaka juu kabisa. Mkuu wa maabara alinipa mkono akasema tumefanya kazi kubwa. Nilitamani kumtupia kiti. Mdogo wangu tulikuwa tumemzika jana yake, yaani walimzika watu waliovaa mavazi ya plastiki, sisi tukitazama kwa mbali.

Mama hakuruhusiwa kutoka hata kwa maziko. Naongea naye kwa simu, yeye ndani ya chumba cha kutenga wagonjwa na mimi nje ya kioo. Leo homa imempanda tangu asubuhi.

"Yule mwenye mtoto," akaniuliza, "mlimkamata?"

"Tulimkamata, mama. Ndipo tukajua."

"Na mtoto wake?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Alimng'ang'ania mama yake. Tukawaachia wote wawili."

"Afadhali," mama akasema. "Mdogo wako angekununia."

Akaishusha simu na kunitazama kupitia kioo. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu.