Mchanga Usiomtambua Mama Pacha

Mwenye magari ya kukodi alikuwa na reki, na kabla familia yoyote haijapanda gari lake, aliusawazisha mchanga mbele ya mlango akawataka wapite juu yake mmoja mmoja, bila kusukumana. Hakuwa akiamini midomo ya wateja. Watu walikuwa na tabia ya kuficha mashangazi nyuma ya viti, na gari la watu wanne likibeba watano hupinduka vilimani. Yeye alihesabu nyayo.

Baba Pacha alitangulia na viatu vyake vipya. Akafuata mama yake na fimbo, kisha pacha wawili, waliosukumana kwa sababu walikatazwa. Mwisho akapita Mama Pacha na mabegi mawili, kikapu cha chakula, na koti la mama mkwe endapo upepo ungebadilika.

Mwenye magari aliinama akahesabu kwa kidole. "Wanne. Mmeenea."

"Tuko watano," alisema Mama Pacha.

Yule bwana akaangalia tena. Palikuwa na alama za viatu vipya, za kandambili, za fimbo na za raba jozi mbili. Baada ya hapo mchanga ulikuwa laini vilevile alivyouacha. Akamwomba arudie. Mama Pacha akarudia, akakanyaga kwa visigino, akaruka, akambeba pacha mmoja mgongoni akaruka naye. Wapi. Alipotua kikapu, kikapu kiliacha duara zuri kabisa.

"Hutokea," alisema mwenye magari, akiegemea reki. "Mara nyingi ni akina mama. Juzi alikuwa mhasibu."

"Mbona nyumbani hatujaona?" Baba Pacha aliuliza.

"Tungeonaje, na sakafu anapiga deki mwenyewe?" alijibu mama yake. "Mimi nilidhani anazifuta nyayo zake."

Basi, hilo likaisha. Tena lilikuwa na faida, maana gari la watu wanne sasa liliwatosha wote. Mama Pacha angekaa nyuma na mabegi, pasipo na mkanda. Tatizo lilikuwa moja tu. Siku ile ilikuwa ya kuzaliwa kwake, na alipoulizwa anataka nini, hakutaka gauni wala keki. Alitaka kushika usukani juu ya vilima vya mchanga, japo mara moja, watoto wake wakimwona. Leseni alikuwa nayo miaka na miaka. Ilikaa kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

"Dereva lazima awe miongoni mwa waliohesabiwa," mwenye magari alisema kwa huruma. "Ndiyo sheria yetu."

"Sheria ni sheria," alisema Baba Pacha, upesi kidogo, naye tayari ameshakaa kwenye usukani.

Aliendesha kwa mbwembwe zote. Kila kilima alikipanda kwa makelele, mama yake akimhimiza aongeze moto. Huko nyuma Mama Pacha alishika kikapu kwa mkono mmoja na bomba la chuma kwa mwingine, roho ikimuuma. Kwenye kilima kirefu kuliko vyote Baba Pacha akakata kona ya kujionyesha, gari likazama mpaka tumboni. Walioshuka walizama mpaka magotini. Mama Pacha peke yake alisimama juu ya mchanga bila taabu, kwa hiyo akatumwa yeye kuomba msaada.

"Angalau hali yake hiyo ina kazi," alisema mama mkwe, akijifunika koti.

Mwenye magari alikuwa na foleni ya wateja na reki yake, hawezi kubanduka. Akamrushia ufunguo wa gari la uokoaji. "Hili halikodishwi, kwa hiyo halina sheria. Unajua kuendesha, dada?"

Mama Pacha alikuwa ameshawasha.

Na aliendesha, jamani. Alipanda kilima cha kwanza akiwa ameuma mdomo, cha pili akiimba. Nyuma yake matairi yaliacha mistari miwili, mirefu, yenye kina. Alisimama kuitazama. Aliiona nzuri mno, akakizunguka kilima kizima bila sababu yoyote ili aipate zaidi, akicheka peke yake.

Wenzake walikuwa wamejibanza kivulini, upande wa pili wa gari lililozama. Walipojitokeza, yeye alikuwa ameshashuka. Baba Pacha hakumtazama. Alitazama alama za matairi.

"Oneni kona zile," aliwaambia watoto. "Huyo ni fundi. Yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema Mama Pacha.

Baba Pacha akachungulia chini ya mlango wa dereva, pale mtu anapokanyaga akishuka. Mchanga ulikuwa safi. Akatikisa kichwa kwa upole.

"Mama Pacha, hapa hajashuka mtu."

Pacha nao wakachungulia, mmoja baada ya mwingine, wakakubaliana na baba yao.

Wakahamia gari la uokoaji, Baba Pacha kwenye usukani. "Tukifuata alama za jamaa huyu hatuzami," alisema, na kweli hawakuzama. Kutoka nyuma, kwenye mabegi, Mama Pacha alimwona mume wake akikata kona palepale alipokata yeye. Hata ule mzunguko wa bure aliuzunguka wote, amekaza uso, akiwaeleza watoto kwamba fundi hazunguki bila sababu. Mama Pacha akashikwa na kicheko, kisha hasira, kisha kicheko tena, na hakuna kilichosikika mbele kwa sababu ya kelele za injini.

"Nani ana maji?" aliuliza Baba Pacha.

Mama Pacha akafungua begi, akampa.