Sura ya Tisa Haimo

Bibiane alijua ameibiwa kabla filamu haijafika nusu.

Kwenye skrini, yule msichana aliingia chumbani kwa baba yake, akaichukua redio mezani, akaifunga kwenye sweta, akashuka nayo hadi sokoni Nakivubo na kuibadilisha kwa jozi ya viatu vya kisigino. Hapo Bibiane akakaa sawa kitini na kuushika mkono wa binti yake, Olivia. Kilichopaswa kufuata alikijua kwa moyo: sajini anarudi kutoka kazini, redio haipo, binti ananyoosha kidole. Badala yake mvua ikaanza kunyesha. Msichana akavua viatu vyake vipya, akacheza peku kwenye matope, muziki ukapanda, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mama," Olivia akanong'ona, "wameruka."

"Subiri. Pengine kile kipande kinakuja mbele."

Hakikuja. Sajini wa kwenye filamu alipofika nyumbani alimkumbatia binti yake na kumwambia redio ni kitu tu. Bibiane aliuachia mkono wa Olivia kwa kuwa alihisi angeuvunja.

Mwaka 1999 Bibiane alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye na mama yake walikuwa wametoka Bukavu wakikimbia vita, wakapanga chumba nyuma ya nyumba ya Sajini Okeny, mteremkoni Mbuya. Mama aliwafulia nguo watu wa nyumba kubwa. Lanyero, binti wa sajini, alikuwa rika moja na Bibiane, na kwa miezi minane wale wawili walikuwa chanda na pete: walisukana nywele, wakaibiana majibu ya hesabu, wakafundishana matusi ya lugha zao. Kisha redio ya sajini, ile aliyorudi nayo kutoka vitani kaskazini, ikapotea. Lanyero akasema, bila hata kupepesa macho, "Nilimwona Mama Bibiane akitoka nayo."

Okeny alimtoa yule mama uani, akampigisha magoti mbele ya majirani na kumchapa kwa mkanda wa jeshi, akiuliza redio iko wapi. Mama alijibu neno moja hadi sauti ikamkauka: "Sijui." Bibiane alimtazama Lanyero. Lanyero alitazama ndala zake. Kabla jua halijazama walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na huko Katwe walikokimbilia sifa iliwatangulia. Mama hakuajiriwa tena kuingia nyumba ya mtu. Alikufa mwaka 2011, na hadi siku hiyo wapo waliomwita Mama Redio.

Miaka mitatu iliyopita Olivia alirudi kutoka shule na riwaya iliyokuwa ikigombaniwa na darasa zima. Iliitwa *Binti wa Sajini*, mwandishi Lanyero. Wasichana walilala nayo chini ya mto. Usiku huo Olivia alimsomea mama yake kidogo kidogo, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na walipofika sura ya tisa Bibiane akamwambia asimame. Ndani yake mlikuwa na mama mfua nguo na binti yake, aliyebadilishwa jina akaitwa Estelle. Mlikuwa na mkanda. Na mlikuwa na maneno haya: *Nilisema uongo, na walipokuwa wanampiga nilisimama tu.*

"Rudia," Bibiane alisema. Olivia alirudia mara nne.

Hakumsamehe Lanyero, asidanganywe mtu. Ila alijiambia, angalau imeandikwa. Watoto wa shule wa nchi nzima wanajua kwamba mama yule hakuiba.

Ndiyo maana Siraje, mwongozaji wa filamu ya kitabu hicho, alipokuja Katwe akitafuta fundi wa kushona sare za shule za zamani, Bibiane alikubali kazi bila kusema yeye ni nani. Kibanda chake kilikuwa kati ya wachomeleaji wawili, na alishona sare thelathini na gauni moja la kitenge cha manjano huku cheche zikiruka mlangoni. Siku ya kupiga kile kipande cha uani alikuwapo. Mwigizaji alipopiga magoti, gauni lilimpwaya begani. Bibiane alisogea na pini zake akalibana. Alibana zaidi ya alivyoambiwa, kwa kuwa mama yake alikuwa mwembamba kuliko yule.

Lanyero naye alikuwapo, amekaa chini ya mwavuli. Alimwita kwa kidole. "Fundi, zipu yangu imekwama. Nisaidie."

Bibiane alisimama nyuma yake, pumzi yake ikimgusa mwenzake shingoni, akaivuta zipu ikapanda. Lanyero alishukuru kwa Luganda bila kugeuka. Bibiane akarudi kwenye pini zake. Kipande kimekwisha kupigwa, alijiambia, kitasema chenyewe.

Na sasa taa za ukumbi ziliwaka, na hakikuwa kimesema lolote.

Lanyero na Siraje walipanda jukwaani kujibu maswali. Msichana mmoja mwenye sare ya shule alishika kipaza sauti na kuuliza kile alichokuwa nacho kila msomaji moyoni. "Madamu, sura ya tisa iko wapi? Mimi ndiyo iliyonifanya nilie."

Siraje alijikuna shavu. "Filamu ilikuwa ndefu."

"Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu," Lanyero akaongeza, akitabasamu. "Sura ile ilikuwa inapunguza mwendo wa hadithi."

Bibiane alikuwa tayari amesimama. Olivia alimvuta sketi, hakukaa.

"Mwendo," alisema. Hakupewa kipaza sauti, wala hakukihitaji. Mtu anayeishi kati ya wachomeleaji huzoea kupaza sauti. "Mama yangu alipigwa mpaka akashindwa kusimama, na wewe unasema alikuchelewesha mwendo?"

"Samahani, nyabo, mama, wewe ni—"

"Estelle njo mimi." Kiswahili cha Bukavu kilimtoka chenyewe. "Mimi ni Bibiane. Ulikaa nyumba ya mbele, mimi nyuma. Nilikufunga zipu mwezi wa tatu hukunijua. Haya nitazame sasa."

Lanyero alimtazama, na uso wake ukapoteza rangi. Alimjua. Bibiane aliona wazi kwamba amemjua.

Kabla hajajibu, mzee mmoja katika safu ya mbele aliinuka kwa fimbo. Alikuwa mrefu bado, kifua kimejaa medali. "Wewe!" Sajini Okeny alinguruma kwa Kiswahili cha jeshi. "Wewe mutoto ya ile mwizi! Mama yako alikula redio yangu, na sasa unakuja hapa kuharibu siku ya mutoto wangu?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Lanyero. Bibiane alimngoja, na watu mia tatu wakamngoja pamoja naye.

"Baba, tafadhali kaa," Lanyero alisema. Kisha akaugeukia ukumbi. "Riwaya ni ya kubuni, jamani. Wasomaji wengine huingia sana katika hadithi hadi wanachanganya na maisha yao. Tumwonee huruma mama huyu."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kutaka mambo yaishe. Walinzi wawili walimshika Bibiane mikono, na Olivia akafuata nyuma akilia kwa hasira.

Walikuwa wamefika kwenye ngazi za nje Bibiane aliposikia anaitwa. Ni msichana mwenye miwani, amekimbia hadi anahema. "Mama, mimi naitwa Nelima. Mimi ndiye mhariri wa filamu. Kile kipande nimekikata mimi, kwa mkono wangu."

"Nikushukuru?"

"Nilikatazwa kukiacha ndani. Siraje aligoma wiki nzima, mwishowe wakamshinda."

"Nani alikatazaga?"

"Mwandishi mwenyewe. Baba yake alisema atakuja kutazama. Yule mzee hajui kusoma, mama. Miaka yote ameambiwa kitabu kinamsifu. Lakini macho anayo. Ile redio ya kwenye filamu ameambiwa ni ya kubuni tu, ila mkanda wake angeutambua."

Kumbe ndivyo. Nchi nzima ilijua mama yake hakuiba, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeshika mkanda.

Jumatatu asubuhi alifunga kibanda, akachukua kitabu cha Olivia, akapanda Mbuya. Nyumba ilikuwa ileile, imepakwa rangi mpya. Chumba cha nyuma alikaa sasa mpangaji mwingine, polisi mwanamke kwa jina Akwero, ambaye wakati huo alikuwa anapiga buti zake kiwi uani. Mzee Okeny alikuwa barazani na chai yake.

"Wewe tena," alisema. "Mwizi kweli haina haya."

"Sikuja kuomba radhi. Nimekuja na kitabu cha mtoto wako. Ulishasomewa sura ya tisa?"

"Mimi najua hiyo kitabu. Inasema mimi ni shujaa."

"Nani alikuambia?"

"Mutoto wangu."

"Basi nikusomee. Naijua kwa moyo."

"Wewe?" Mzee alitema mate pembeni. "Wewe utasoma uongo yako. Afande Akwero! Kuja hapa. Soma hii, na huyu asikie vile kitabu inasema, halafu umutoe."

Akwero alijifuta mikono, akakipokea kitabu. Alisimama kama anasoma ripoti kituoni, sentensi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, sauti ikisikika hadi barabarani. Alisoma redio. Alisoma Nakivubo na viatu. Kadiri alivyoendelea sauti ilishuka, na alipofika kwenye mkanda alikuwa karibu ananong'ona. Alisoma yale maneno ya uongo na kusimama tu, akashusha kitabu.

"Rudia hapo," mzee alisema.

Akwero alirudia.

"Viatu," Okeny alisema. "Kumbe ile ya sinema ni kweli. Redio yangu ya vita, kwa viatu." Kwanza ilimuuma redio, na Bibiane alitamani kumrushia ile chai usoni. Kisha mzee akauliza, bila kumtazama, "Mama yako iko wapi?"

"Alikufa. Katwe, mwaka 2011."

"Alisema hajui."

"Alisema hajui kwa sababu hakujua."

"Mimi nilifikiri ni kiburi." Alisukuma kikombe cha chai pembeni. "Nilifikiri huyu mama ananidharau, anakataa kusema. Ndio nikaongeza."

"Basi sema sasa," Bibiane alisema. "Sema mama yangu hakuiba."

Mzee alimgeukia mpangaji wake. "Afande, mutoe huyu mutu."

Akwero hakusogea. "Mzee, mjibu mama."

Okeny aliinuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Walisikia komeo likipita. Bibiane aliugonga mlango ule kwa kiganja, kisha kwa ngumi, akimwita mwoga, akimwita jina ambalo mama yake asingependa kulisikia, hadi Akwero alipomshika mabega na kumsindikiza barabarani. Alishuka Mbuya mikono mitupu, akijilaumu kwa kwenda.

Siku tisa zilipita. Ya kumi, gari jeupe lilisimama mbele ya kibanda chake, na Lanyero akashuka, akipita juu ya vyuma na nyaya za wachomeleaji bila kuwasalimu.

"Umeridhika?" alisema.

Bibiane aliendelea kukanyaga cherehani. "Salamu huna?"

"Nimeuliza umeridhika? Baba hanifungulii mlango. Chakula nikimpelekea anakimwaga uani mbele ya wapangaji. Ana miaka themanini na moja, ana presha, na wewe ukaenda kumsomea!"

"Aliyesoma ni polisi. Aliyeandika ni wewe."

"Niliandika ili yaishe! Unadhani ilikuwa rahisi? Mimi ndiye niliyekuandika. Bila mimi nani angemjua mama yako?"

"Bila wewe hakuna ambaye angemwita mwizi."

Lanyero aliipiga meza, mikasi ikaruka. "Na sasa amepata wazimu. Kila asubuhi anavaa medali zake, anazunguka mteremko mzima na fimbo, nyumba kwa nyumba, kwa wale wazee waliokuwapo. Anawaambia yule mama Mkongo hakuiba, nilimpiga bure, mutoto wangu ni mwongo. Hivyo hivyo! Watu wananionyesha vidole. Shule mbili zimeniandikia kuniuliza."

Mguu wa Bibiane ulisimama juu ya kanyagio.

"Anasema hivyo?"

Lanyero alikuwa amekuja kushitaki, na alichelewa kuona amemletea adui yake zawadi.

"Anasemaje? Rudia maneno yake."

"Sirudii chochote."

"Amefika nyumba ngapi?"

"Nenda kamwulize mwenyewe, si mmekuwa marafiki?"

"Yule?" Bibiane alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Lanyero, ila Lanyero ndiye aliyerudi nyuma. "Yule azunguke mpaka miguu imwishe, hatanipata mlangoni kwake, wala asije kwangu. Na wewe vilevile. Ukitaka kusema kitu, kaseme kwenye ule ukumbi, kwa kipaza sauti kilekile. Siyo hapa. Toka dukani kwangu."

"Bibiane—"

"Usiniite. Toka."

Lanyero alitoka. Gari liligeuka kwa shida kati ya milango ya chuma iliyopakwa rangi na kuanikwa, likaondoka.

Bibiane alikaa akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukamshinda. Basi alichukua simu akampigia Heritier, mdogo wa mama yake, huko Bukavu. Mjomba huyu alikuwa amekataa kuja mazikoni, kwamba hawezi kuvuka mpaka kumzika mwizi. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesemezana. Alipopokea, Bibiane hakumsalimu. Alimweleza yote kwa mpangilio, tangu redio hadi medali, kama Akwero alivyosoma, bila kuongeza wala kupunguza.

Upande wa pili mjomba akaanza kulia, akimwita dada yake kwa jina la utotoni.

Bibiane alimsikiliza kidogo, akamkatia simu.